Mlango Mmoja Hautoshi: Kuandaa Vifaa vya Mafunzo kwa Watu Wenye Mitazamo Tofauti



Kila mwaka parokia na sharika zetu hupokea vifaa vingi vya mafunzo: mabango, vipeperushi, vitabu vya picha, na siku hizi rekodi za sauti zinazosambazwa kwa simu. Vimeandaliwa kwa nia njema, na mara nyingi kwa fedha za watu waliojinyima. Hata hivyo, ukivichunguza utaona kwamba vingi vinazungumza na mtu wa aina moja tu, yaani yule ambaye tayari anakubaliana na mwandishi. Mwenye mtazamo mwingine hasikii swali lake likitajwa. Anakunja karatasi na kwenda zake.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa vifaa vya aina nyingine, ambavyo tutaviita vifaa vya mazungumzo. Kifaa cha mazungumzo humwuliza msomaji au msikilizaji jambo, hungoja jibu lake, kisha huendelea kulingana na jibu hilo. Kinaweza kuwa seti ya kadi, hadithi yenye vituo vya kuchagua, mchezo wa kuigiza au simu inayosema "bonyeza moja". Kamati ya parokia inaweza kukiandaa bila kompyuta. Kinachohitajika zaidi ni masikio.

Jambo hili si geni katika imani yetu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Filipo anamkuta Mwethiopia akisoma garini. Hakuanza kuhubiri. Alianza kwa swali kama msomaji anaelewa anachokisoma, kisha akaendelea kutoka kwenye andiko lile lile lililokuwa mkononi mwake.

Mfano wa kisima

Tuchukue mfano mmoja tutakaoutumia katika makala yote. Tuseme kijiji kina kisima kirefu chenye pampu ya mkono, kilichochimbwa kwa msaada wa wafadhili kupitia parokia. Wanaochota maji ni Wakristo wa madhehebu mbalimbali pamoja na Waislamu. Kamati ya maji imekubaliana kila kaya ichangie kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya vipuri na fundi. Baada ya mwaka mmoja, wanaochanga ni wachache. Kamati inachapisha bango lenye picha ya mtoto anayekunywa maji safi na maneno "Changia Maji, Maji ni Uhai". Michango haiongezeki.

Bango halikusema uongo. Lakini ukikaa na wanakijiji utasikia angalau misimamo minne:

• "Maji ni zawadi ya Mungu. Hayauzwi."
• "Nilichanga mwaka mzima, sikuwahi kusomewa hesabu."
• "Waliojenga ndio watengeneze. Sisi hatukuulizwa."
• "Ningependa kuchanga, lakini kila mwezi sina."

Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne anayebisha kwamba maji ni uhai. Bango limejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Gharama ya kutosikilizana hivyo si ndogo. Mwaka 2009 mtandao wa maji vijijini unaojulikana kama RWSN ulikusanya takwimu za pampu za mkono katika nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa wastani, pampu 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Sababu ni nyingi, zikiwemo vipuri duni na uchimbaji mbaya. Lakini fedha za matengenezo, na kuaminiana juu ya fedha hizo, ni sehemu kubwa ya tatizo. Pampu ikifa, mama anarudi mtoni na watoto wanarudi kwenye kuhara, hata kama bango bado liko ukutani.

Wenzetu waliotangulia

Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, Paulo Freire na wenzake walifundisha kusoma na kuandika wafanyakazi wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi. Kabla ya herufi, wanafunzi walionyeshwa picha za maisha yao wenyewe: mkulima na jembe lake, mwindaji, mfinyanzi na vyungu vyake. Mwalimu hakueleza maana ya picha. Aliuliza: mnaona nini? Kila mmoja alisema kwa jinsi alivyoona, na katika kusema huko wakagundua kwamba wana elimu na uwezo wa kubadili mambo. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1964 Freire alifungwa, kisha akaishi uhamishoni. Kuanzia mwaka 1970 alifanya kazi Geneva katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na mbinu yake ikaenea kupitia makanisa.

Huku kwetu, Anne Hope na Sally Timmel waliichukua mbinu hiyo na kuanzisha mafunzo ya DELTA nchini Kenya mwaka 1974, yakienezwa na Kanisa Katoliki. Vitabu vyao vya wawezeshaji vilichapishwa na Mambo Press huko Gweru, Zimbabwe, mwaka 1984. Wengi waliopitia semina za maendeleo za majimbo yetu wanaikumbuka kanuni yake kuu: picha au igizo lionyeshe tatizo bila kutoa jibu, ili wenye tatizo wazungumze.

Tanzania nayo ina historia yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Kila kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Redio ilisema maneno yale yale nchi nzima, lakini uamuzi wa kila kikundi ulitokana na hali ya mahali pake.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wahusika wake walikuwa wa aina tatu: wanaotenda mema, wanaotenda mabaya, na walio katikati, wanaoyumba na kubadilika polepole. Aina hii ya tatu ndiyo yenye somo kubwa kwetu. Msikilizaji asiyejiona mwema wala mbaya alipata mtu wa kutembea naye.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 mbinu ya PHAST ya usafi wa mazingira ilijaribiwa Kenya, Uganda, Botswana na Zimbabwe, na mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani likachapisha mwongozo wake. Kifaa chake kimoja ni rahisi mno. Kikundi hupewa picha za mambo ya kila siku na kuombwa kuzipanga katika mafungu matatu: mazuri, mabaya, na ya katikati. Mwezeshaji hasahihishi. Picha ya mama anayeosha vyombo mtoni wengine huiweka kwenye fungu la mema kwa kuwa anafanya usafi, wengine kwenye fungu la mabaya kwa sababu ya maji yenyewe. Hapo mazungumzo huanza, na mara nyingi picha za fungu la katikati ndizo zinazozungumzwa kwa muda mrefu kuliko zote.

Kanuni moja: badili mlango, usibadili ukweli

Watu wengine husikia "kifaa kinachofuata mtazamo wa msomaji" wakaingiwa na hofu. Je, tumwambie kila mtu anachopenda kusikia? Hapana. Huko ndiko zilikofika programu nyingi za simu, ambazo humletea mtu zaidi ya kile alichokwisha kukipenda, mpaka ndugu wawili wa nyumba moja wanaona dunia mbili. Tangu mwaka 2011 mwandishi wa Marekani Eli Pariser alionya juu ya jambo hilo. Programu ya namna hiyo hugawa watu kwenye vyumba mbalimbali na kuwafungia humo.

Kifaa chetu kinapaswa kufanya kinyume chake. Nyumba iwe na milango mingi, lakini milango yote ifungukie ukumbi mmoja. Ukumbini ndiko uliko ukweli ambao kila msomaji lazima aukute bila kujali ameingilia wapi. Katika mfano wa kisima, ukweli huo ni huu: vipuri huchakaa, fundi hulipwa, mwaka jana zilikusanywa fedha kiasi gani na zilitumikaje, na pampu ikifa ni nani atakayeumia kwanza. Mwenye kusema maji ni ya Mungu na mwenye kusema hesabu hazisomwi wote watayakuta mambo haya manne. Kinachotofautiana ni neno la kwanza wanaloambiwa, mfano wanaopewa, na swali linaloulizwa kabla ya kuendelea.

Hatua za kuandaa

*1. Kusanyeni misimamo kabla ya kuandika.* Waende watu wawili wawili kisimani, sokoni, kwenye jumuiya ndogo ndogo na msikitini kwa idhini ya viongozi. Waulize swali moja: "Watu husema nini kuhusu mchango wa maji?" Swali la "watu husema nini" humpa mtu nafasi ya kusema la moyoni bila kujitaja. Andikeni maneno kama yalivyosemwa. Msiyasafishe.

*2. Andikeni kila msimamo kwa namna ambayo mwenyewe angeukubali.* Hapa ndipo vifaa vingi huharibika. Kamati iliyochoka huandika chaguo kama hili: "Sichangi kwa sababu sijaelewa umuhimu wa maji safi." Hakuna mtu atakayebonyeza hapo, maana ni tusi. Mwenye msimamo husema: "Nilichanga mwaka mzima, sikuwahi kusomewa hesabu." Kipimo ni rahisi: msomee mwenye msimamo huo sentensi yako. Akisema "ndivyo ninavyosema", umefaulu. Akikusahihisha, andika masahihisho yake.

*3. Chagueni misimamo mitatu au minne, na mwache mlango wa ziada.* Zaidi ya hapo msikilizaji wa simu husahau chaguo la kwanza kabla ya kusikia la mwisho. Mlango wa ziada useme: "Mawazo yangu ni mengine", na hapo mtu aweze kurekodi sauti yake au kumweleza mwezeshaji. Mara nyingi toleo la pili la kifaa hutokana na mlango huu.

*4. Tengenezeni hadithi yenye vituo, na matawi yarudi kwenye shina.* Tuseme hadithi yetu ina vituo vitatu. Kituo cha kwanza: mkusanyaji anabisha hodi kwa mjane. Kituo cha pili: pampu imekatika fimbo na fundi ametaja bei. Kituo cha tatu: mkutano wa kijiji. Katika kila kituo msikilizaji anachagua moja kati ya majibu manne. Kama kila jibu litazaa njia yake mpaka mwisho, mtahitaji sehemu 4 baada ya kituo cha kwanza, 16 baada ya cha pili na 64 baada ya cha tatu: jumla 84 za kuandika, kurekodi na kulipia. Kazi nyingi za aina hii hufa hapo. Lakini kama kila jibu litapata sehemu yake fupi na kisha hadithi ikarudi kuwa moja, mtahitaji sehemu 12 za majibu, utangulizi, na sehemu tatu za pamoja: jumla 16 tu. Ni kama mto unaozunguka kisiwa kisha ukaungana tena. Njia hii inaokoa fedha, na pia inatimiza kanuni yetu, kwani kwenye maungano ndipo mnapoweka ukweli wa wote.

*5. Sehemu ya jibu ianze kwa kukiri kilicho cha kweli.* Kwa anayesema maji ni zawadi ya Mungu: "Ni kweli, mvua hakuna aliyeinunua. Sasa tuangalie mambo mengine: bomba, fimbo ya pampu, na siku nzima ya fundi. Je, hivyo navyo vilishuka na mvua?" Kwa anayesema hana: "Wako wengi kama wewe wanaopata fedha wakati wa mavuno tu. Je, mchango wa mara moja kwa mwaka, au wa siku ya kazi, ungefaa?" Swali liwe la kweli, lenye majibu zaidi ya moja. Watu wazima wanatambua upesi swali la mtego.

*6. Jaribuni na watu wa kila upande.* Kabla ya kuchapisha au kurekodi kwa gharama kubwa, someni rasimu kwa watu watano au sita wa kila msimamo. Angalieni wanapocheka pasipostahili, wanaponyamaza na wanapotaka kuacha. Rekebisheni, kisha jaribuni tena.

Bila simu, na kwa simu

Kifaa hiki hiki kinaweza kutumika chini ya mwembe. Mwezeshaji anasoma hadithi mpaka kituo cha kwanza, anatandika kadi nne zenye picha, na kila mtu anasimama kwenye kona ya kadi yake. Kila kona inapewa bahasha yenye sehemu yake ya jibu. Baada ya kusoma, makundi yanabadilishana bahasha, na kila kundi linaeleza mkutanoni msimamo wa wenzake, bila kejeli, mpaka wenyewe waseme "mmetuelewa". Mambo mengi hulegea kwenye zoezi hili.

Pale watu wanapoogopa kuonekana, tumieni chati ya mifuko, ambayo nayo hutumika katika PHAST. Mifuko ya kitambaa hutundikwa chini ya picha, na kila mtu anapita peke yake nyuma ya pazia akitumbukiza kikaratasi au mbegu. Mke hapigi kura mbele ya mumewe, wala mkulima mbele ya mwenyekiti.

Simu ina faida zake. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni nchini Tanzania ilitumia ujumbe mfupi usiolipiwa kupitia namba 15001. Mama mjamzito alijiandikisha kwa kutaja umri wa mimba, na ujumbe uliofuata ulilingana na wiki aliyofikia. Pale kilichofuatwa ni hali ya mtu. Sisi tunaongeza mtazamo wake. Lakini kumbukeni kwamba simu moja mara nyingi ni ya nyumba nzima, na anayeishika si lazima awe anayechota maji. Kwa hiyo ni vizuri sauti ya simu iende sambamba na mikutano ya jumuiya, isichukue nafasi yake.

Kifaa kimbadilishe na anayekituma

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kazi yetu ni kutafuta njia ya werevu ya kuwashawishi wengine. Sivyo. Tuseme watu 40 kati ya 60 wamechagua "sikuwahi kusomewa hesabu". Hapo dawa si kuboresha rekodi ya sauti. Dawa ni kamati kufungua daftari. Kifaa kinachouliza halafu hakimsikilizi anayejibu ni kibaya kuliko bango, kwa sababu bango angalau halikujifanya kuuliza.

Somo kali la jambo hili lilitoka mashariki mwa Kongo, katika maeneo ya Beni na Butembo ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walizidi 3,400 na waliofariki walizidi 2,200. Mwanzoni ujumbe wa afya ulitolewa kama amri, kwa watu walioishi miaka mingi katika vita na mauaji ambayo dunia haikuyajali. Wengi walijiuliza kwa nini fedha na magari vimekuja kwa ajili ya Ebola peke yake. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walianza kuandika walichokisikia nyumba kwa nyumba, pamoja na uvumi na hasira. Jambo mojawapo lililojitokeza ni hofu kwamba mifuko ya kuzikia ilifichwa kitu: viungo vimeibwa, au mwili si wa ndugu yao. Kuandika kipeperushi cha kukanusha kungekuwa rahisi. Badala yake ililetwa mifuko inayoonyesha ndani, ili familia imwone mpendwa wao kabla ya kumzika. Kanuni ya afya haikubadilika hata kidogo: mwili haukuguswa. Kilichobadilika ni utaratibu wa mtoa huduma, na huo ndio uliojibu swali la familia.

Hata lugha ilikuwa sehemu ya tatizo. Ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu ambacho si kile cha huko, haukueleweka vizuri na wengi. Kamati zetu zikumbuke hili zinapopokea vifaa kutoka makao makuu. Kiswahili cha Dar es Salaam si lazima kiwe Kiswahili cha Bukavu wala cha Lamu.

Mipaka ya kuzingatia

Kwanza, yako mambo yasiyo na pande mbili zilizo sawa. Kumpiga mke, kumkeketa binti au kumwoza mtoto si "mitazamo" ya kuwekwa mezani ili kila mtu achague. Kifaa kinaweza kuanza pale mtu alipo, kwa mfano hofu ya mama kwamba binti asiyekeketwa hataolewa. Lakini hakiwezi kuishia hapo.

Pili, msikisie. Kumpa mtu ujumbe fulani kwa sababu ya kabila, dhehebu au jinsia yake ni kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Mwulizeni.

Tatu, jibu la mtu ni siri yake. Aliyesema "fedha zinaliwa" anaweza kupata matatizo jina lake likijulikana. Hesabuni majibu bila kuandika majina wala namba za simu. Sheria nazo zinahusika: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kutuamini. Tunaomba mtuelewe pia pale bajeti ya vifaa inapokuwa na vipengele visivyoonekana kwenye picha: nauli ya watu wanaokwenda kusikiliza, majaribio ya rasimu, na toleo la pili. Kuchapisha nakala 5,000 za kitu ambacho hakijajaribiwa huonekana kuwa nafuu kwa kila nakala, lakini hasara yake hukaa kabatini. Ni afadhali kuanza na nakala 50.

Ripoti pia zibadilike. Idadi ya mabango yaliyosambazwa haielezi kama kuna aliyesikilizwa. Tuulizeni maswali mawili: wananchi walisema nini ambacho hamkukitarajia, na ninyi mlibadili nini kwa sababu hiyo? Mradi usio na jibu la swali la pili unahitaji kuangaliwa kwa makini. Nanyi mkubali kwamba pengine jibu litawagusa. Mtu anaposema "sisi hatukuulizwa", anazungumza na kamati na anazungumza na mfadhili pia.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Chukueni bango au kipeperushi kimoja kilichopo ofisini. Kinajibu swali la nani? Ni nani katika kijiji ambaye swali lake halimo?

2. Tajeni jambo moja linalowagawa watu katika eneo lenu. Andikeni misimamo mitatu, kila mmoja kwa maneno ambayo mwenyewe angeyakubali. Kisha nendeni mkawasomee.

3. Ni ukweli gani ambao kila mtu lazima aukute, aingie kwa mlango wowote?

4. Watu wengi wakichagua jibu linaloilaumu kamati, tuko tayari kufanya nini ndani ya mwezi mmoja?

5. Tunahifadhi vipi majibu ya watu ili yeyote asidhurike?

Kamati zitakazojaribu hatua hizi tunaziomba zituletee kadi, hadithi na masahihisho yao kupitia ofisi ya maendeleo ya jimbo, ili parokia nyingine zijifunze. Hasa tunaomba yale maneno yaliyotoka kwenye mlango wa ziada, kwa maana hayo hakuna mtaalamu awezaye kuyatunga. Mungu awape subira ya kuuliza, na ujasiri wa kusikia majibu.